Kaa wa Ngozi

Jumatano ile hita ya maji ya kuoshea iliharibika. Kwa sababu ya hita hiyo nikajua kwamba kwa miaka kumi na moja nilikuwa nachuna wanyama hai nikidhani nasugua uchafu.

Saa mbili asubuhi mimi na Somoe tulivuta kapu la chujio la Mlango wa Mashariki. Kapu lilikuwa na mzigo wa kawaida: samaki wanne wembamba kama kamba za viatu, kamba wekundu, tope, na kaa sita. Somoe akafungua bomba la maji ya moto. Likakohoa, likatoa hewa.

"Mtani, maji ya moto hakuna," alisema. "Leo utawaogesha hawa kwa mate?"

"Waache kwenye ndoo mpaka fundi wa hita aje."

"Fundi wa hita si wewe?"

"Mimi fundi wa kila kitu. Ndiyo maana hakuna kinachofanya kazi."

Akacheka. Somoe ni Mngindo na mimi ni Mmwera, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitukana mpaka nitakapokufa, na mazishini atatukana zaidi. Tukajaza ndoo maji ya bomba kubwa, yaliyotoka chini moja kwa moja, nyuzi sita. Tukawatumbukiza wale kaa bila kuwasugua. Haikuwahi kutokea.

Kituo chetu kimesimama juu ya miguu minne baharini, mbali na Lindi kiasi kwamba hata mnara wa simu hauonekani. Chini yake bomba linateremka kilomita moja mpaka kwenye mlima ulio chini ya maji. Huko bomba linagawanyika midomo miwili, mmoja upande wa mashariki wa mlima, mwingine magharibi. Tunaiita milango. Juu maji ni kama uji. Chini ni baridi mwaka mzima, na baridi hiyo ndiyo tunayoivuta. Inakwenda Lindi, inapita ndani ya kuta za nyumba na wodi na madarasa, inarudi baharini. Kabla ya bomba, Februari watu walikuwa wanakutwa wamekufa vitandani kwa joto. Sasa Lindi wanalala na shuka.

Kila mlango una kapu lake, na kila kapu lina watu wake. Tunatoa kila kilichovutwa na tunakisoma kwenye Mtambuzi. Mashine hiyo ina ukubwa wa jiko la mkaa. Unaweka kipande cha kiumbe, na baada ya sekunde kumi na moja inakuambia ni nani. Sheria ya Wakazi wa Bahari inataka mambo matatu: mwili, nyumba na mahali. Kiumbe mwenye yote matatu ni mkazi, na mkazi hahamishwi na mtu yeyote, hata serikali. Asiyekuwa na nyumba ni mpita njia. Mpita njia hana haki yoyote. Unaweza kumwaga zege juu yake.

Wale kaa walikuwa wapita njia. Mashine ilikuwa imesema hivyo mara maelfu.

Mtu wa pwani anawajua ndugu zao. Ni kaa yule asiye na gamba nyuma, matako yake ni laini kama utumbo, kwa hiyo huyaficha ndani ya kombe la konokono aliyekufa. Akikua, anatafuta kombe kubwa zaidi. Utotoni tuliwaita kaa wapangaji na tuliwashindanisha mbio mchangani. Wa huku chini walituchekesha zaidi. Kombe la kila mmoja lilikuwa dogo kuliko mwenyewe, kama mtu mzima aliyevaa fulana ya mtoto. Na kombe lilifunikwa na kitu kama ngozi, rangi ya chai ya maziwa, nene, yenye ute.

Mashine haipendi ute. Ukiweka sampuli yenye ute inawasha taa nyekundu na kusema, "Sampuli chafu. Safisha." Basi mwaka wa kwanza nikaweka kanuni: kwangua ngozi kwa kisu, osha kwa maji ya moto, ndipo usome. Kanuni hiyo ni yangu. Niliiandika mwenyewe ukutani kwa rangi, na nilipokosea herufi Somoe aliicheka wiki nzima.

Nikainama kuchukua bisibisi karibu na ndoo. Nikaona ile ngozi inajifungua.

Kwanza nilidhani ni maji yanatikisika. Lakini pembeni ya kombe, chini ya tumbo la kaa, palifunguka mdomo wa duara, na kutoka hapo ikatoka mikono, mingi, laini kama nyuzi, rangi ya machungwa. Ikatanda majini, ikapapasa sakafu ya ndoo kama mtu anayetafuta miwani. Kaa akatembea. Mikono ikafagia nyuma yake. Kaa akasimama, mikono ikampelekea kitu mdomoni.

"Somoe."

"Nini?"

"Njoo uone uchafu wetu unavyokula."

Alikuja. Alichutama, akasogeza pua mpaka ikagusa maji.

*

Nilimweka mmoja kwenye mashine mzima mzima. Taa nyekundu. Sampuli chafu. Nikakata kipande cha ngozi, kidogo kama ukucha, nikakiweka peke yake. Sekunde kumi na moja zikapita. Dakika ikapita. Ilipofika dakika ya nne mashine ikasema kwa sauti yake ya redioni: "Mnyama hai. Hayumo kwenye orodha."

Kuna njia ya kuilazimisha mashine isome bila kusafisha, lakini inahitaji ufunguo wa mkuu wa kituo. Nikamwita Injinia Tumsifu Kileo. Ni mwanamke mfupi, Mchaga, anayetembea kama amechelewa hata anapokwenda kulala. Alimtazama kaa, akanitazama mimi, akaingiza ufunguo bila kuuliza.

Mashine ikasoma. "Wawili. Wanaishi pamoja. Mwili upo." Taa ya kijani. "Nyumba ipo. Nyumba ni hai." Taa ya pili ya kijani. "Mahali: mipaka haijulikani." Taa ya tatu ikabaki giza. "Fundi wa zamu, weka kidole kuthibitisha. Usomaji utafutika kesho saa nne asubuhi."

Injinia akageuza ndoo tupu akaikalia.

"Nieleze kwa lugha ya bomba," nikamwambia.

"Konokono anakufa, anaacha kombe dogo. Kaa mchanga anaingia. Huyu wa ngozi anakaa juu ya kombe, halafu anakua. Anatanuka kumzunguka kaa. Kaa akikua, nyumba inakua naye. Hahami maisha yake yote." Akanyooshea ngozi kidole. "Kombe lile dogo ni msingi tu, Mzee Mfaume. Nyumba yenyewe ndiyo hiyo mliyokuwa mnakwangua."

"Niliyokuwa nakwangua. Kanuni ni yangu."

"Sawa. Uliyokuwa unakwangua."

Nilimshukuru moyoni kwa kutolainisha.

Halafu akanieleza lililobaki, ingawa nilikuwa nalijua. Jumamosi meli ya mabomba ilikuwa inafika kulaza kipande cha mwisho, cha baharini, cha Bomba la Pili, la Nachingwea na Ruangwa, bomba la kuta tatu ambalo maji hufika bara yangali ya baridi. Lilipangwa kupita upande wa mashariki wa mlima, kwa sababu mteremko wake ni mpole. Wangeusawazisha kwa zege. Alhamisi saa nne Msajili wa Wakazi wa Bahari alikuwa anakuja kufanya baraza la mwisho na kuuliza kama kuna mkazi.

"Ukiweka kidole," alisema, "yupo mkazi. Mipaka yake haijulikani. Sheria inasema mlima wote unafungwa mpaka ipimwe. Upimaji ni miaka sita."

"Na nisipoweka?"

"Kesho saa nne usomaji unafutika. Wewe unatengeneza hita."

"Wewe unasemaje?"

"Sisemi. Kwetu ni Moshi, kuna baridi ya Mungu. Nikikushauri nitakuwa nakata nyama kwenye mwili wa mtu mwingine. Kidole ni chako."

Akaondoka, na mara hii alitembea polepole.

Mchana kaa mmoja alikufa. Somoe alikuwa amemtenga kwenye ndoo nyingine, akaisahau juani. Maji yalipofika nyuzi kumi na tisa ile mikono ya machungwa ikalegea, na baada ya nusu saa kaa akatoka nje ya nyumba yake akafia pembeni, matako wazi. Nilimshika mkononi. Gando lake la kulia lilikuwa kubwa, lina manyoya kama mkono wa mvuta mkokoteni. La kushoto dogo. Macho madogo, meupe. Nilimgeuza na kumgeuza, nikaweka kichwani kila nilichokiona, maana nilijua nitaulizwa.

*

Binti yangu Zamda anaishi Nachingwea. Alikuwa na mtoto wa wiki tatu, Swalehe, mjukuu wangu wa kwanza. Alasiri ile nilimpigia.

Kwenye skrini alikuwa amekaa sakafuni, mtoto amefungwa kwa kanga iliyolowa. "Ndani ni arobaini na tatu," alisema. "Shikamoo Baba. Kanga inakauka kabla sijamaliza kuifunga. Vipele vimefika kichwani. Siku nazihesabu kwa mkaa ukutani, mwenye nyumba atanidai chokaa. Bomba linakuja lini?"

Nikamwambia. Kaa, ngozi, kidole, miaka sita. Sikuficha kitu.

"Kaa?" alisema. "Baba, kaa?"

"Na nyumba yake."

"Ningekuwa karibu ningekupiga na mwiko." Alimhamishia mtoto bega jingine. Nilimwona anapumua. "Unaniuliza mimi? Nikikwambia nyamaza, utanyamaza?"

Nilifikiri. "Nitanyamaza."

Mtoto alilia kilio kile cha joto, kisicho na nguvu.

"Basi sikwambii," alisema. "Wewe ulinichapa kwa kusema nimeosha masufuria kumbe nimeyaficha uvunguni. Nilikuwa na miaka minane. Leo nikufundishe mimi kuficha masufuria?"

"Zamda—"

"Sijamaliza. Sema ukweli, lakini usiende nao mtupu. Usiwe kama mtu aliyetumwa nyama akarudi na karatasi iliyofungia nyama. Tafuta na kitu kingine cha kuwapa watu. Una usiku mzima. Na hita utatengeneza saa ngapi?"

Hita niliitengeneza. Kitu kingine sikukipata.

*

Alhamisi saa moja asubuhi nilikuwa kantini, chai imepoa, maandazi sijayagusa. Akaingia Chingwile, msimamizi wa Mlango wa Magharibi. Ni Myao mrefu, mwenye kujiona, na alikuwa amevaa tabasamu la mtu anayekuja kuomba.

"Wakubwa wa Mashariki," alisema. "Nina koki mbili zinavuja. Nipeni washa."

"Nunueni za mpira kama watu," Somoe alimjibu.

"Za mpira zinapasuka kwa baridi, unajua. Nipeni zile zenu."

Hapa inabidi nieleze. Zile ngozi tulizokwangua hatukuzitupa zote. Somoe aliwahi kugundua kwamba ukizikausha kambani zinakuwa ngumu na laini kwa wakati mmoja, na ukizitoboa katikati unapata washa ya koki isiyopasuka hata kwa maji ya nyuzi sita. Mlango wetu mzima ulifungwa washa hizo. Kamba yetu ya kukaushia ilijaa kama kamba ya nguo ya nyumba yenye mapacha.

Na pale kituoni kuna desturi: cha mlango kibaki mlangoni. Mwaka wa kwanza Mashariki na Magharibi tuliibiana vifaa mpaka mtu mmoja akavunjwa kidole. Mkuu wa wakati ule akaamuru kila kilichotoka mlango fulani kitumike mlango huo huo, kipakwe rangi yake. Sisi nyekundu, wao nyeupe. Washa zetu Somoe alizipiga alama nyekundu na mwaka, moja moja, hata zile alizowaazima Magharibi, ili wasije wakasema ni zao.

"Miaka kumi na moja unaomba," Somoe alimwambia. "Kwa nini hamtengenezi zenu?"

"Nitengeneze na nini? Kwetu hao kaa hawaji. Sijawahi kuona hata mmoja kwenye kapu langu. Kwetu ni tope na samaki wenye macho kama wadaiwa."

Nikaweka kikombe chini.

"Sema tena."

"Nini? Samaki?"

"Kaa. Sema tena."

"Hawaji, bwana! Hata mmoja. Ungekuwa unanisikiliza ninapoomba ungeshajua."

Nilisimama nikamkumbatia. Alijaribu kujinasua. Akanuka mafuta ya mashine, na mimi pia nilinuka, na sikujali.

"Somoe," nikasema, "chukua spana. Tunafungua koki zote."

"Zote? Maji yatamwagika mpaka Msumbiji."

"Yamwagike. Nipe nusu saa."

*

Msajili alifika kwa helikopta saa nne kasoro dakika kumi. Bi Mwanakombo Faki, Mpemba, mtu mzima, buibui jeusi na viatu vya raba. Alibeba Mtambuzi wake mwenyewe begani kama mkoba. Baraza lilikaa kantini. Ukutani palikuwa na skrini kubwa, na ndani yake watu wa Nachingwea walijaa kwenye ukumbi, wakijipepea kwa majalada ya madaftari.

"Je, kuna anayejua mkazi yeyote katika njia ya Bomba la Pili?" aliuliza.

Nilitembea mpaka kwenye mashine yetu nikaweka kidole. Ikalia mlio mmoja mrefu. Zilibaki dakika nne usomaji ufutike.

"Nipo mimi," nikasema. "Mfaume Nampunju, msimamizi wa Mlango wa Mashariki. Elimu yangu darasa la tano. Kwa miaka kumi na moja nimewaagiza watu wangu wakwangue nyumba za hawa kaa kabla ya kusomwa. Kila mlichoandikiwa kwamba ni mpita njia, kimetoka kwenye kisu changu. Nilikosea. Wana nyumba. Nyumba ni hai."

Kelele zikapasuka kwenye skrini. Mwanamume mmoja wa Nachingwea, shati limelowa jasho mpaka kiunoni, alisimama juu ya kiti.

"Watu wanakufa kwa joto, wewe unatuletea kaa! Una mtu huku wewe?"

"Mjukuu wangu. Wiki tatu. Kichwa kizima vipele."

Hakushuka kwenye kiti.

Msajili aliomba aonyeshwe kaa. Nikampa ndoo. Alichutama, akatazama, wala hakujali buibui lake kulowa.

"Mzee Mfaume," alisema, "nitajuaje kwamba huyu hakutoka maji ya juu? Kaa wa pwani huanguka. Mikondo hubeba vitu."

"Mheshimiwa, utotoni ulicheza na kaa wapangaji?"

"Nani hakucheza?"

"Wale wakubwa wa pwani wanakufinya na gando gani?"

Alifikiri. Mkono wake wenyewe ukapanda, vidole vikafinya hewa. "La kushoto. Ndilo kubwa."

"Mtazame huyu."

Alitazama. "La kulia," alisema polepole. "Na lina manyoya."

"Macho madogo hayana rangi, maana hakuna jua la kutazama. Na jana tulimwacha mwenzake kwenye maji ya nyuzi kumi na tisa, akafa kwa nusu saa. Wa pwani angeona hiyo ni baridi ya kutafutia blanketi. Huyu kwao ni chini, na hapandi."

"Mwili na nyumba nakubali," Msajili alisema. Akasimama. Magoti yalimlia. "Mahali je? Bila mipaka sina hiari. Nafunga mlima wote."

"Ndiyo nimekuja na hizi."

Somoe akamwaga ndoo nyingine juu ya meza. Washa mia mbili na kumi na tatu, kila moja na alama nyekundu na mwaka wake. Zilitawanyika kati ya vikombe vya chai.

Niliwaeleza desturi ya milango. Niliwaeleza kamba ya kukaushia. Chingwile alisimama akakiri mbele ya wilaya nzima kwamba ameomba washa kwa miaka kumi na moja, na jambo hilo lilimuuma kuliko mimi nilivyoumwa na langu. Msajili alichagua washa ishirini kwa mkono wake, za kila mwaka, akazilowesha, akazisoma moja moja kwenye mashine yake. Zote ishirini zilikuwa mnyama yuleyule. Halafu akaagiza kapu la Magharibi likwanguliwe mpaka kwenye nyuzi, akasoma makwanguo. Samaki, kamba, minyoo. Kaa hakuna. Ngozi hakuna.

"Hii ni dalili nzuri," alisema. "Lakini dalili si mpaka. Ninalo Jicho."

Jicho ni kamera inayozama. Huteremshwa kwa amri ya Msajili peke yake, na Msajili haamuru kwa ajili ya mpita njia. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kutazama.

"Betri yake chini ni saa moja," aliendelea. "Mlima siwezi kuuzunguka. Niambie nianzie wapi."

Watu wote walinitazama. Nilikuwa sijawahi kuuona huo mlima. Nilijua tu kilichotoka kwake, kapu kwa kapu.

"Anzia magharibi, panapoweza kupita bomba," nikasema. "Teremka mpaka chini, halafu panda mpaka kileleni na uvuke. Ukivuka, washa taa ndogo. Huko kuna watu wamelala."

Jicho likazama. Dakika ishirini tuliangalia giza. Kisha tope. Tope la kijivu, laini, samaki mmoja mwenye macho makubwa akitutazama kwa chuki. Chingwile akanong'ona, "Si niliwaambia?" Tope tena, mita baada ya mita, mteremko mzima. Mashine ya Msajili ilisoma maji yaliyopita ndani ya Jicho na kila mara ikasema: hayupo, hayupo, hayupo. Injinia Kileo alikuwa amegeuza karatasi ya orodha ya chakula na alikuwa anachora nyuma yake, kalamu inakimbia.

Jicho likafika kileleni. Tope likaisha ghafla kama zulia lililokatwa, mwamba mweusi ukaanza. Taa ikapunguzwa.

Mwanzoni nilidhani mteremko wa mashariki una mawe ya rangi ya chai.

Kisha mawe yakatembea.

Walikuwa mamia. Walikuwa zaidi ya mamia. Kila mmoja na nyumba yake ya ngozi mgongoni, nyumba kubwa kama ngumi ya mtu, mikono ya machungwa imefunguka kama miavuli, wakipanda, wakishuka, wakipishana kwenye vijia vya mwamba. Wadogo kama tembe ya dawa walikuwa wanavuta makombe ambayo ngozi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuyafunika. Mkubwa mmoja alisimama mbele ya Jicho akainua lile gando la kulia lenye manyoya, kama mwenye nyumba aliyesikia hodi wakati wa kula.

Kwenye skrini ya ukutani, yule bwana wa Nachingwea alikuwa bado amesimama juu ya kiti.

"Ni kama mnada wa Jumapili," alisema. Akashuka kwenye kiti polepole. "Wana hata watoto."

"Mpaka ni kilele," Msajili alisema. "Mwamba kwao, tope si kwao."

Mashine ikawasha taa ya tatu ya kijani. "Mkazi," ikasema. "Mwili, nyumba, mahali. Msajili, andika jina."

"Aliyemtambua ndiye humpa jina," Bi Mwanakombo alisema, akanigeukia.

"Mwite Mfaume!" Somoe alipiga kelele. "Wote matako laini!"

Kantini ikacheka, Nachingwea ikacheka, na Msajili akageuka kutazama dirishani mpaka mabega yake yalipotulia.

"Kaa wa ngozi," nikasema. "Ili asikwanguliwe tena na mjinga."

Injinia Kileo akainua karatasi yake ya orodha ya chakula. Bomba kupitia magharibi. Lilizidi mita mia tisa, na mabomba ya ziada yalikuwamo melini. Tope lilihitaji miguu mipana badala ya zege. Na mdomo wa zamani wa Mashariki ungefungwa, maji yote yavutwe upande wa tope.

"Kuchelewa?" Msajili aliuliza.

"Siku kumi na tisa."

"Si miaka sita?"

"Siku kumi na tisa, Mheshimiwa. Kama nitapewa watu wasiolala."

Akagonga muhuri pale pale, juu ya neno maharage. Nachingwea walipiga makofi mpaka spika ikapasuka.

Adhabu nilipata, na nilistahili. Nilivuliwa usimamizi miezi mitatu, na katika miezi hiyo niliamriwa nizunguke vituo vyote vya baridi vya pwani, kutoka Mtwara hadi Tanga, nikiwafundisha wahandisi na madaktari wa samaki kutazama kabla ya kusugua. Somo langu la kwanza nililifanya na ndoo, kaa mmoja hai, na ile kanuni yangu ya ukutani, ambayo niliibandua na bati lake nikaibeba ilivyo, na kosa lake la herufi.

*

Siku ya ishirini baada ya tarehe iliyopangwa mwanzo ya kufungua maji, Zamda alinipigia. Hakusema kitu. Alielekeza simu kitandani. Swalehe alikuwa amelala chali, mikono juu kama aliyesalimu amri, na juu yake palikuwa na kitu ambacho Nachingwea hakuna aliyewahi kujifunika msimu wa joto tangu nizaliwe. Shuka.

"Amelala saa tano mfululizo," alinong'ona. "Nimeamka mara mbili kuangalia kama anapumua. Mwenye nyumba kaja kudai chokaa, kakaa kwenye ubaridi, kasahau kilichomleta."

Niliporudi kituoni baada ya ziara, Mlango wa Mashariki ulikuwa umefungwa, kamba ya kukaushia imeondolewa. Tulihamishiwa Magharibi, watu wote kapu moja. Jicho huteremshwa sasa mara moja kwa mwezi, taa ndogo, na Somoe huwahesabu wale kaa na kuwaita kwa majina ya wakwe zake.

Asubuhi yangu ya kwanza koki ilianza kuvuja. Nikatafuta washa kila mahali. Hapakuwa na hata moja ya ngozi, na haitakuwapo tena. Nikageuka. Chingwile alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, na tabasamu ambalo alikuwa amelihifadhi miaka kumi na moja.

"Unasemaje, mkubwa wa Mashariki?"

"Koki inavuja."

"Naona inavuja. Nimeuliza unasemaje."

"Naomba washa."

"Sijasikia."

"Naomba washa, Bwana Chingwile!"

Akaileta mbele. Ya mpira, mpya, imepakwa rangi nyeupe. Nikaipokea kwa mikono miwili.